Jinsi ya Kuomba Idhini ya Kujenga Hoteli ya Kitalii Zanzibar

Anayetaka kujenga hoteli ya hadhi ya juu Unguja, Pemba au katika kimojawapo cha visiwa vidogo vinavyokodishwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar aelewe kwanza kwamba ardhi, utalii na uwekezaji si mambo ya Muungano, na kwa hiyo cheti cha uwekezaji kilichotolewa Tanzania Bara hakimpi haki ya kujenga huku. Maombi yake hupelekwa Mamlaka ya Kukuza na Kulinda Uwekezaji Zanzibar (ZIPA), ambayo inafanya kazi chini ya Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2023.

Hatua ya kwanza ni kusajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Hii ndiyo hatua nyepesi kuliko zote: inahitaji katiba ya kampuni, majina na vitambulisho vya wakurugenzi na wanahisa, pamoja na anwani ya ofisi.

Hatua ya pili ni ardhi, na hapa mwombaji asiharakishe hata kidogo. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na asiye Mzanzibari hamiliki kiwanja bali hupewa mkataba wa ukodishaji kwa muda maalumu na kwa shughuli iliyotajwa ndani yake. Mwenyeji anayekuonesha shamba la pwani na kukwambia kwamba anakuuzia huenda ana haki ya kulitumia, lakini haki hiyo haiwi yako kwa karatasi mliyoandikishana wenyewe, hata kama imeshuhudiwa na wazee wa kijiji. Nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, kimepangiwa matumizi gani, na kama ni eka tatu, yaani miongoni mwa mashamba yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa kuwa hayo yana masharti yake. Uliza pia habari za miti. Zanzibar mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye kutumia ardhi, na minazi ambayo haikulipiwa fidia imeshawahi kuzua kesi ndefu kuliko ujenzi wenyewe.

Kabla hujalipa chochote, fika kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia husika. Yeye ndiye anayejua njia wanayopita watu kwenda pwani, diko wanaloshushia samaki wavuvi, na mahali akina mama wanapolima mwani, kama ilivyo Paje na Jambiani. Kwa maoni yangu, mradi unaoanza kwa kuziba njia ya pwani haufai kuidhinishwa, hata mtaji wake uwe mkubwa kiasi gani, kwani bahari hiyo ndiyo shamba la kijiji. Kipimo cha umbali unaotakiwa kisheria kati ya jengo na bahari kichukuliwe kuanzia alama ya maji kujaa wakati wa bamvu, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine. Mpimaji anayepima wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa kidogo, atakupa ramani ambayo itakataliwa baadaye.

Ukishapata kiwanja kinachoeleweka, wasilisha maombi yako ZIPA. Ambatanisha andiko la mradi linaloonesha idadi ya vyumba, gharama, ratiba ya ujenzi na ajira zitakazopatikana, nyaraka za kampuni, nakala za pasipoti za wakurugenzi, uthibitisho wa uwezo wa kifedha, na ushahidi wa ardhi. Orodha ya vifaa unavyotarajia kuagiza nje iandaliwe kwa makini, maana nafuu za kodi hufuata vitu vilivyoidhinishwa, na kontena lililotangulia idhini laweza kutozwa ushuru kamili. Cheti cha uwekezaji kikitoka, kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuanza kuchimba msingi. Kinautambua mradi wako. Kujenga kuna vibali vyake.

Kibali cha mazingira hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Hoteli kubwa ya pwani hutakiwa kufanyiwa tathmini ya athari za mazingira na mtaalamu aliyesajiliwa, ikiwa ni pamoja na mikutano na wananchi. Swali ambalo ripoti nyingi hulijibu kijuujuu ni la maji. Katika ardhi ya maweni, yaani ya mawe ya matumbawe, ya upande wa mashariki, maji matamu hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi, na kisima kinachovutwa kupita kiasi hugeuka chumvi na kuviharibu vya jirani. Kwa hiyo eleza waziwazi utavuta lita ngapi kwa siku, utasafisha vipi majitaka, na kama unakusudia kutengeneza maji kutoka baharini, chumvi inayobaki itapelekwa wapi. Katika kisiwa kidogo kisicho na kisima wala umeme wa gridi, majibu haya ndiyo yatakayoamua kama mradi unawezekana.

Michoro ya majengo hupelekwa kwa mamlaka za ujenzi. Kwa jengo lililomo Mji Mkongwe, ambao uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ni ya lazima.

Jengo likikamilika, omba leseni ya hoteli Kamisheni ya Utalii Zanzibar, ambayo hutuma wakaguzi kabla ya kupokea wageni. Usajili wa kodi hufanyika katika taasisi mbili, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, yaani ZRA, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Wafanyakazi wa kigeni wanahitaji kibali cha kazi kutoka Kamisheni ya Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na kwa kila nafasi utatakiwa kueleza kwa nini hakupatikana mwenyeji wa kuishika.