Jinsi ya kupima hoja ya kufanya Kiingereza lugha rasmi

Swali la kama Kiingereza kiwe lugha rasmi halijibiki likiwa limefungwa fundo moja. Lifungue kwanza. Andika kwenye karatasi kazi zote ambazo lugha rasmi hufanya: kutunga sheria, kuendesha kesi, kuhudumia watu ofisini na zahanatini, kufundishia, kutahini, kuandikiana na mataifa ya nje. Kisha jibu kwa kila kazi peke yake. Serikali inaweza kuandikia Umoja wa Mataifa kwa Kiingereza, na mama mjamzito bado akaelezwa dawa zake kwa lugha aliyolelewa nayo.

Nchi nzuri ya kujifunzia ni Namibia, kwa kuwa hoja zake ziliwekwa kwenye maandishi mapema. Mwaka 1981, miaka tisa kabla ya uhuru, Taasisi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia, iliyokuwa Lusaka, ilitoa andiko la kupendekeza Kiingereza. Vigezo vilikuwa vinane: umoja, kukubalika, mazoea, uwezekano (kama mpango unatekelezeka), sayansi na teknolojia, umoja wa Afrika, mawasiliano mapana, na Umoja wa Mataifa. Vitazame tena. Vitatu vya mwisho vinatazama nje ya mipaka, na kile cha sayansi kinaegemea hukohuko. Mizani ilishalemea upande wa lugha ya kimataifa kabla ya lugha yoyote kuwekwa juu yake. Mazoea, yaani ni wangapi wanaoijua lugha hiyo tayari, kilikuwa kigezo kimoja kati ya vinane.

Hofu iliyokuwepo ilikuwa ya kweli: Kiafrikana kilikuwa lugha ya watawala wa ubaguzi, na lugha za makabila zilikuwa zimetumiwa kuwagawa watu. Hata hivyo, unapotengeneza mizani yako, gawa alama 100 mwenyewe, na tunashauri zisizopungua 40 ziende kwa mazoea na uwezekano. Lugha inayokubalika na wote lakini haieleweki na wengi huwafungia watu mlango wa ofisi.

Sasa pima watu. Usiwaulize, "Unajua Kiingereza?" Wengi watasema ndiyo kwa kuona haya. Chukua karatasi halisi ya serikali, kama hati ya kuitwa mahakamani, tangazo la ardhi au kadi ya kliniki. Nenda mahali patatu: mjini, makao makuu ya wilaya, na kijijini mbali na barabara kuu. Kila mahali wape watu 30 waisome, au wasomewe kama hawajui kusoma, kisha waeleze kwa lugha yao mambo matatu: natakiwa kufanya nini, wapi, kabla ya siku gani. Anayekosea mawili hajaielewa. Andika jinsia, umri na darasa alilofikia kila mmoja, kwa sababu wastani wa wote huwaficha wazee na wanawake wa vijijini. Idadi hii haitoshi kutangaza takwimu za taifa, lakini inatosha kuonyesha shimo lilipo. Kwa picha ya nchi nzima tumia sensa: ile ya Namibia ya 2011 ilionyesha Kiingereza kikiwa lugha kuu nyumbani katika takriban asilimia 3 tu ya kaya, huku Oshiwambo ikikaribia nusu. Hiyo ni miaka 21 baada ya uhuru.

Walimu ndio mahali mipango mingi huvunjikia. Rwanda iliamua Oktoba 2008 kuhamishia ufundishaji kwenye Kiingereza, na utekelezaji ukaanza mwaka uliofuata, wakati walimu wengi walikuwa wamesomea Kifaransa. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yakarudishwa kwenye Kinyarwanda, na mwaka 2019 ikatangazwa tena kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza. Mtoto aliyekuwa katikati ya mageuzi hayo hakupata nafasi ya kurudia utoto wake. Kwa hiyo wapime walimu kabla ya kutaja tarehe, na kipimo kiwe somo zima la hisabati linalofundishwa kwa Kiingereza, pamoja na maswali ya wanafunzi, kwa kuwa mtihani wa sarufi hauonyeshi kama mwalimu anaweza kueleza sehemu za hisabati, kama nusu na robo.

Kisha gharama. Mfasiri mzoefu hutoa maneno kama 2,000 kwa siku, na kwenye sheria hupungua. Sheria ya maneno 20,000 basi ni siku kumi za kazi au zaidi, bila kuhesabu uhakiki. Mahakamani, ukalimani wa kupokezana, yaani msemaji asimame kila mara mkalimani atafsiri, hukaribia kurefusha shauri maradufu. Weka gharama hizi upande wa Kiingereza pia: raia asipokielewa, mkalimani atahitajika palepale.

Mwisho andika ibara. Ibara ya 3 ya Katiba ya Namibia inafanya Kiingereza lugha rasmi, lakini inaacha mlango kwa lugha nyingine shuleni, na kwa sheria kuziruhusu katika utawala na mahakama za maeneo zinakozungumzwa na wengi. Kasoro ya mlango wa namna hiyo ni kwamba unaruhusu bila kulazimisha. Andika "itatoa huduma" badala ya "inaweza kutoa", utaje nani analipa. Sema pia nakala ipi inatawala zikipingana, kama Kenya ilivyofanya katika Ibara ya 259. Epuka tarehe ya mwisho isiyo na maandalizi: India ilikipa Kiingereza miaka 15 kabla ya Kihindi kuchukua nafasi yake, na ilipokaribia Januari 1965 ghasia za kupinga Kihindi zikazuka Madras, kusini mwa nchi, sheria ikarekebishwa mwaka 1967 ili kiendelee kutumika pamoja na Kihindi.

Rasimu ikikamilika, ipitishe kwa mshtakiwa asiyejua Kiingereza, mjane anayedai shamba, na mtoto wa darasa la kwanza. Kwa kila mmoja, weka kidole kwenye kifungu kinachomhudumia. Usipokipata, rasimu irudi mezani.