Mkono unakufa ganzi na daktari kasema upasuliwe? Mambo ya kuzingatia kabla hujakubali

Hapa Dodoma ukikaa na mafundi cherehani pale Majengo, au na akina mama wanaopunguza matawi ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, hukosi anayekwambia mkono unamfia ganzi usiku mpaka anaamka anaukung'uta ndo usingizi unarudi. Wengi wanameza diklofenaki miezi na miezi, afu wakisikia neno opareshen kuna wanaokimbia moja kwa moja na kuna wanaotaka wapasuliwe kesho yake asubuhi.

Kwanza hakikisha tatizo kweli liko kwenye kifundo cha mkono. Hapo kuna njia nyembamba, ndani yake unapita mshipa mmoja wa fahamu pamoja na kano 9 za kukunjia vidole, na juu kumefunikwa na utepe mgumu, sasa humo ndani kukijaa kidogo tu mshipa unabanwa, na hiyo ndo kapo taneli. Mshipa huo unahudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ndo maana swali la maana sana ni hili: "Mama, na kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi?" Akijibu ndiyo, tena hicho ndo kinaongoza, inabidi kiwiko na shingo viangaliwe pia, maana unaweza ukapasuliwa kifundo na ganzi ikabaki pale pale. Kuna kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu, ulizia hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa kama kinapatikana.

Pili pima sukari na tezi ya shingo, vyote vinaweza kuleta ganzi hii. Mjamzito asiwe na haraka kabisa, wengi inapungua yenyewe baada ya kujifungua.

Tatu, jiulize kama umejaribu njia nyingine ipasavyo. Kuvaa splinti usiku, yaani kile kifaa kigumu cha kushikilia kifundo kikae kimenyooka, kunahitaji kama wiki 6 hivi, sio unavaa siku mbili unasema haifai. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, nayo inatuliza kwa wiki au miezi, ila mwenye kisukari ajue sukari inaweza kupanda siku chache baada ya kuchomwa.

Lakini kuna hali ambayo kusubiri ni hasara, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Weka mikono yote miwili mezani, viganja vikiangalia juu, linganisha ile nyama nene iliyo chini ya kidole gumba. Ukiona upande mmoja umebonyea, au ganzi inashinda mchana kutwa, au kikombe cha chai kinakuponyoka na kifungo cha shati kinakushinda, usiendelee kujipaka dawa za kuchua, nenda kamuone daktari wa mifupa mapema. Nyama ile ikishakwisha, hata ukipasuliwa inaweza isirudi yote.

Opareshen yenyewe sio kubwa, mara nyingi unachomwa ganzi ya mkono tu uko macho, utepe unakatwa ili mshipa upumue, haichukui hata nusu saa na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maumivu ya usiku kwa wengi yanaondoka haraka, ila ganzi ya miaka inachukua miezi, na kuna hatari ya kidonda kupata vijidudu, kovu kuuma, na mara chache mshipa wenyewe kuumia. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, usiache mwenyewe bila kumuuliza. Pete vua kabisa kabla ya kwenda.

Sasa upande wa nyumbani, ambao watu wanausahau. Nyuzi zinatolewa siku ya 10 mpaka 14, kidonda kisilowe, na nguvu ya kushika inapungua kwa wiki kadhaa, kitako cha kiganja kinaweza kuuma hata miezi. Kusonga ugali ule mwiko unasukumwa na kitako hicho hicho cha kiganja, kwa hiyo panga mapema nani atasonga, nani atabeba ndoo, nani atafua. Mkulima asikubali tarehe ya Desemba mvua zinaanza, bora baada ya mavuno, isipokuwa kama nyama imeshaanza kuisha. Mikono yote miwili ikiwa mibovu wengi wanaanza na ule unaosumbua zaidi, maana ukifungwa yote hata chooni utahitaji mtu. Uliza bima yako inalipia nini, na kama unatoka Kondoa au Mpwapwa weka na nauli ya kurudi kliniki.

Vidole anza kuvikunja na kuvikunjua siku hiyo hiyo, na mkono uinue juu ya mto usivimbe. Kidonda kikitoa usaha, kikiwa chekundu cha moto, au vidole vikibadilika rangi, usingoje tarehe ya kliniki, rudi hospitali siku hiyo.