Dawa unaiweka wapi? Modeli ya virusi kwa safu tatu za Excel

Mwanafunzi akinijia na vipimo vya damu vya mgonjwa wa homa ya ini aina ya C akitaka "modeli", yaani hesabu zinazoiga mwendo wa virusi mwilini, namwambia afungue Excel tu. Safu tatu zinatosha. Nimekutana na watu walioendesha programu nzito, wakachora michoro ya kupendeza, lakini ukiwauliza dawa yao inazuia nini hasa, wanabaki kukutazama.

Kabla ya kuandika fomula yoyote, fikiria tangi lenye bomba la kuingiza maji na la kutoa. Kina kinaweza kusimama palepale wiki nzima, nawe usijue kama maji yanapita kwa kasi au kwa matone. Ukitaka kujua, funga bomba la kuingiza uangalie. Ndivyo ilivyokuwa kwa VVU. Kiwango kwenye damu kilionekana kutulia, na ilikuwa rahisi kudhani kirusi kimelala. Mwaka 1995 na 1996 watafiti David Ho, Alan Perelson na wenzao waliwapa wagonjwa dawa, wakapima damu mara kwa mara, wakakuta kwamba virusi vilivyomo hupungua kwa nusu kila saa sita hivi, na kwamba mwili hutengeneza takriban bilioni 10 vipya kila siku. Usingizi haukuwepo.

Sasa tufanye ya homa ya ini. Safu A ni siku, B ni seli zilizoambukizwa, C ni virusi kwenye damu. Mstari wa 2 andika 0, 1, 1. Hiyo 1 ni kiwango cha kabla ya dawa. Ukitaka namba halisi utazidisha mwishoni. Kwenye E1 weka ufanisi wa dawa, kati ya 0 na 1: ni sehemu ya utengenezaji wa virusi ambayo dawa inazuia. Kisha:

A3: =A2+0.01
B3: =B2+0.01*0.14*(C2-B2)
C3: =C2+0.01*6*((1-$E$1)*B2-C2)

Buruta hadi mstari wa 1402, zinatimia wiki mbili. 0.14 ni kasi ya kufa kwa seli zilizoambukizwa kwa siku. 6 ni kasi ya virusi kuondolewa kwenye damu, gawanya 0.693 kwa 6 upate nusu yake inapotea kwa muda gani: chini kidogo ya saa tatu.

Hiyo 0.01 ni hatua ya muda, kama dakika 14. Usiikuze kwa uvivu. Mimi siku ya kwanza niliruka siku nzima kwa hatua moja, nikapata virusi hasi 4.7. Nilitafuta kosa kwenye baiolojia jioni yote, kumbe hesabu ilikuwa inavuka mto kwa hatua ndefu kuliko miguu.

Anza na E1 ikiwa 0. Kila kitu kibaki 1 hadi chini. Kisipobaki, kagua mabano. Halafu weka 0.95. Baada ya siku moja virusi vimeanguka hadi karibu 0.05, kisha vinashuka polepole, nusu kwa kila siku tano hivi. Chora kwa mhimili wa logi (kila alama ni mara kumi ya iliyotangulia), la sivyo sehemu ya pili haionekani. Anguko la kwanza ndilo linalokusomea ufanisi: dawa ya asilimia 90 inaacha 0.1, ya asilimia 99 inaacha 0.01. Kwa maneno zinakaribiana, kwa mgonjwa ni tofauti ya mara kumi.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalijaribu: hamisha dawa. Toa (1-$E$1) kwenye C3, uizidishe na C2 ndani ya mabano ya B3, kisha buruta tena. Sasa dawa inazuia seli mpya kuambukizwa, haizuii virusi kutengenezwa. Ufanisi ni uleule 0.95, lakini baada ya siku moja virusi bado viko karibu 0.9, maana seli zilizokwisha kuambukizwa zinaendelea kuzalisha. Mwaka 1998, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliopewa dawa ya interferoni walionyesha anguko la haraka, la aina ya kwanza. Umbo la mstari lilisema dawa inagusa wapi.

Mafua makali yanataka zaidi. Humo seli nzima, zile ambazo hazijaambukizwa, nazo zinapungua, na virusi hufika kilele siku ya pili au ya tatu; dawa ikichelewa inakuta sehemu kubwa ya mchezo imeisha, ndiyo maana oseltamivir, dawa ya mafua hayo, hushauriwa ianze ndani ya saa 48 za dalili. Ongeza safu ya nne ya seli nzima. Ila usidai umepata idadi ya seli za mwanzo na virusi vinavyotoka kwa kila seli, vyote viwili, kutokana na vipimo vya virusi peke yake. Kinachopatikana ni jibu la kuzidisha hizo namba mbili tu.