Somo: Ukibadilisha filamu nyeusi-nyeupe, badilisha na dakika

Wengi wetu hapa Dar tunapiga filamu inayopatikana. Leo ndugu amekuletea filamu ya HP5 Plus kutoka Uingereza, mwezi ujao unashika Tri-X ya Kodak, baadaye FP4 Plus. Dawa ya kusafishia ni ile ile, kwa hiyo mtu anaendelea kusafisha kwa dakika alizozizoea. Hapo ndipo picha nzuri zinapopotea. Dakika zinapangwa na filamu, dawa na joto la maji kwa pamoja. Mchele mpya haupikwi kwa maji ya mchele wa mwaka jana.

1. Anza na dakika za kiwanda. Kwa joto la nyuzi 20, HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 nzito, yaani isiyozimuliwa, ni dakika 7½, na ukiizimua 1+1, yaani dawa na maji nusu kwa nusu, ni 13. FP4 Plus ni 8½ na 11. Tri-X 400 kwenye D-76, dawa inayofanana sana na ID-11, ni 6¾ na 9¾. Hebu tazama hiyo FP4: kwenye dawa nzito inakaa muda mrefu kuliko HP5, lakini ukizimua inatoka mapema. Ndiyo maana nasema usikisie kwa kutazama ISO, ile namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga.

Jina nalo lisikudanganye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kodak walihamishia utengenezaji kwenye mitambo mipya, na Tri-X iliyotoka huko ikawa na dakika zake. Ukirithi kitabu cha zamani, dakika zake ni za filamu ya zamani.

2. Lete hesabu kwenye joto letu. Wakati wa joto maji ya bomba hapa Dar hufika nyuzi 28 na kupita. Kufukuzia 20 ni kujitesa. Mimi nasimamia 24. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji, tupia mfuko wa barafu uliofungwa vizuri, na usitoe macho kwenye kipimajoto. Fiksa, ile dawa ya kuimarisha picha baada ya kusafisha, na maji ya kusuuzia yawe karibu na joto hilo hilo, kwa sababu joto likiruka ghafla utando wa filamu unaweza kujikunja.

Kila nyuzi inayoongezeka, punguza takriban sehemu moja ya kumi ya muda uliobaki. HP5 kwenye dawa nzito itashuka hadi chini kidogo ya dakika tano, na chini ya tano dawa haienei sawasawa, unapata michirizi angani. Ukizimua 1+1, zile 13 zinakuwa kama 8½. Kwa mji huu, zimua.

3. Piga jaribio. Mtu mwenye kanzu nyeupe juani, nyuma yake mlango wenye kivuli. Rudia fremu hiyo hiyo mara kadhaa, kisha kata kipande ndani ya mfuko wa giza, usafishe hicho tu.

4. Soma negativu. Ikikauka, ilaze juu ya gazeti penye mwanga. Kanzu itakuwa ndiyo sehemu nyeusi kuliko zote. Maandishi ya gazeti yasomeke kupitia hapo, ingawa kwa shida. Yakizibwa kabisa, dakika zimezidi. Kisha tazama namba za pembeni. Hizo ziliwekwa kiwandani, kamera yako haihusiki. Zikififia, muda au nguvu ya dawa haikutosha. Zikiwa imara huku picha imefifia, kosa liko kwenye mwanga uliopima.

5. Sahihisha kwa asilimia 10 hadi 15, na gusa muda peke yake. Namna ya kupindua tangi ibaki ile ile. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Tangi langu ni dogo, linachukua rola moja tu. Nikizimua D-76 1+1 negativu zinatoka hafifu.*

Marahaba. Dawa halisi humo ndani ni kidogo, inachoka kabla ya kumaliza. Kodak wanashauri uongeze muda kwa asilimia 10 unapoweka rola ya fremu 36 kwenye tangi la mililita 240 hivi. Ukiweza, tumia tangi la karibu nusu lita.

*Mkuu, jioni Kariakoo naipiga HP5, ambayo ni ya ISO 400, kama ni ya 800. Naongeza ngapi?*

Kwa nyuzi 20, dakika 10½ kwenye dawa nzito au 16½ kwenye 1+1, kisha ushushe kwa joto lako kama hatua ya 2. Sehemu zenye mwanga zitapanda, lakini kivuli ambacho filamu haikukiona hakirudi kwa dakika.

*Kaka, nimehamia filamu ya T-Max ya Kodak, negativu zina uzambarau. Nipunguze muda?*

Hapana dada, acha muda wa dawa kama ulivyo. T-Max inahitaji muda mrefu zaidi kwenye fiksa, tena inaichosha haraka. Chukua kipande cha mwanzo wa rola, kitumbukize kwenye fiksa mchana kweupe, hesabu hadi kiwe angavu, halafu zidisha mara mbili. Hizo ulizonazo zirudishe kwenye fiksa mpya na uzisuuze vizuri.