Namna ya kuchagua swichi janja inayokubaliana na nyaya zilizopo ukutani

Mteja mmoja wa Tabata aliniita nimfungie swichi janja nne, yaani swichi za taa zinazoendeshwa hata kwa simu, ambazo alikuwa amekwisha kuzinunua mtandaoni. Nilipofungua boksi la sebuleni nilikuta nyaya mbili tu, zote nyekundu, ilhali kila swichi aliyonikabidhi ilikuwa na tundu lililoandikwa N, yaani la nyutro, waya unaorudisha umeme. Hakuna hata moja iliyofungwa siku ile. Tangu hapo simpi mteja jina la swichi yoyote kabla sijaona kilichomo ukutani mwake.

Hatua ya 1: Fungua boksi ulitazame. Zima umeme kwenye swichi kubwa, hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli, kisha fungua skrubu mbili na uvute swichi taratibu. Katika nyumba nyingi za kwetu waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, hushushwa hadi kwenye swichi, na kutoka hapo waya mwingine, ambao nitauita waya wa taa, hupanda hadi kwenye taa. Nyutro huenda moja kwa moja darini bila kupita kwenye swichi. Swichi ya kawaida haiihitaji, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuunganisha moto tu. Swichi janja ina redio ndani yake, na redio hiyo inataka umeme saa zote, hata taa ikiwa imezimwa.

Tazama pia nyuma kabisa ya boksi. Mara nyingine nyutro imo, imeungwa na kufungwa kwa utepe mweusi kwa sababu inapita kwenda chumba cha pili. Rangi zisikudanganye: nyumba za zamani hutumia nyekundu na nyeusi, mpya kahawia na bluu, na fundi aliyeishiwa roli moja hutumia iliyopo.

Hatua ya 2: Pima. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo kama si fundi mwite mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA. Multimita ikionesha takriban volti 230 kati ya waya wa moto na waya unaoushuku, usishangilie bado. Swichi ikiwa imezimwa, waya wa taa nao umeunganishwa na nyutro kwa kupitia balbu, hivyo unaweza kuonesha volti zilezile na kukufanya uamini kwamba umepata nyutro. Toa balbu zote zinazowashwa na swichi hiyo, kisha upime tena. Nyutro halisi haitabadilika, lakini kipimo cha waya wa taa kitaanguka na pengine kubakiza volti chache za uongo.

Hatua ya 3: Chagua aina. Kama nyutro ipo, nunua swichi inayoihitaji, kwa kuwa ndiyo tulivu zaidi. Kama haipo, una njia tatu. Ya kwanza ni kuvuta waya mpya wa nyutro kutoka darini kwa kupitia paipu iliyomo ukutani, kazi ambayo ni nyepesi paipu ikiwa na nafasi na ni adha tupu ikiwa imejaa saruji. Ya pili ni kununua swichi isiyohitaji nyutro, ambayo hupitisha mkondo mdogo sana kwenye balbu ili redio yake ibaki hai. Udhaifu wake ni kwamba balbu za LED za wati 3 au 5 huweza kuutumia mkondo huo kuwaka kwa ufifi usiku kucha, au kupepesa kama kimulimuli. Dawa yake ni kapasita ndogo ambayo huja pamoja na swichi, nayo hufungwa kule juu kwenye taa, kati ya waya wa taa na nyutro, si ndani ya boksi la swichi. Ya tatu ni kufunga darini kidude cha rilei, yaani swichi ndogo inayojiwasha na kujizima kwa amri ya redio, mahali ambapo moto na nyutro vyote vipo, na kuacha swichi ya zamani ukutani.

Kuna njia ya nne ambayo nimeikuta zaidi ya mara moja na ninaikataa: kutumia ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, kama nyutro. Swichi itawaka, lakini umeigeuza njia ya usalama kuwa njia ya mkondo, na breka ya kuzuia uvujaji inaweza kukata umeme wa nyumba nzima. Kuazima nyutro ya soketi iliyo karibu nako huleta matatizo yanayofanana na hayo.

Hatua ya 4: Linganisha umbo na uwezo. Boksi letu la 3 kwa 3 ni la mraba, kwa hiyo swichi ya Kimarekani yenye uso mrefu haitakaa. Kina kisipungue milimita 35, kwa kuwa swichi janja ni nene. Kwenye karatasi ya maelezo soma wati za LED peke yake, kwa maana huwa chache kuliko zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Feni isifungwe kwenye swichi ya taa.

Taa ya ngazi inayowashwa chini na juu, ambayo mafundi huiita tuwei, inataka swichi iliyoandikwa wazi kwamba inakubali mfumo huo.

Hatua ya 5: Mawasiliano. Swichi nyingi za Wi-Fi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Za Zigbee, aina nyingine ya mawasiliano ya redio, huhitaji kituo chao cha kuziunganisha, ila intaneti ikikatika, kituo kizuri huendelea kuziendesha. Kwa vyumba viwili Wi-Fi inatosha.

Hatua ya 6: Kata umeme kwa makusudi. Baada ya kufunga, zima swichi kubwa, subiri dakika moja, kisha uwashe. Taa zote zikiwaka zenyewe, ingia kwenye programu, tafuta mpangilio wa hali ya swichi baada ya umeme kurudi, na uuweke kwenye kuzima. Vinginevyo umeme ukirudi saa tisa usiku, nyumba nzima itaamka.