Mapambo ya Krismasi ya Gunia, Merikani na Kanga Kuukuu

Krismasi ya Mombasa huja na kaskazi na joto lake. Madirisha huwa wazi mchana kutwa, na zile riboni za kumetameta za dukani humwaga chembe zake kwenye viti, kwenye nywele za watoto, hadi kwenye sinia la pilau. Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea upande wa Mwembe Tayari, na nyumbani kwangu Mikindani riboni hizo haziingii tena. Napamba kwa gunia, merikani, yaani kile kitambaa cha pamba tupu, na kanga kuukuu. Havimeti, lakini vina uzito wa kuning'inia vizuri upepo ukivuma, na mwakani utavitoa tena.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua kitambaa. Magunia mengi ya sokoni siku hizi ni plastiki iliyofumwa, na lile la rangi ya udongo laweza kukudanganya kwa macho. Unalotaka ni la juti, aina inayopakiwa kahawa kilo 60 ikienda kusafirishwa bandarini. Juti hulimwa zaidi Bangladesh na India. Zao letu sisi Pwani ni katani, na mashamba yake utayaona Vipingo ukielekea Kilifi. Kwa hiyo gunia liwe la juti na kamba ziwe za katani. Waulize wauza magunia Kongowea wakutolee yaliyokwisha kutumika, hayo ni laini zaidi na bei yake mtapatana.

Kabla ya kulipa, chomoa nyuzi mbili tatu, sogea mbali na mzigo, uziwashe kibiriti. Uzi wa juti au wa pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu linalosagika kidoleni. Ukijikunja, ukayeyuka na kuganda kidonge kigumu, hiyo ni plastiki. Mrudishie mwenyewe kwa shukrani. Kanga nazo zijaribu hivyo hivyo, maana Biashara Street utauziwa ya pamba na utauziwa ya poliesta, na ya poliesta hukataa kuchanika kwa mkono. Merikani nunua ile isiyopaushwa, yenye vijichembe vya mbegu ya pamba ndani yake. Mita mbili zinakutosha.

Gunia hunuka mafuta, kwa sababu kiwandani nyuzi za juti hulainishwa kwa mafuta kabla ya kusokotwa. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Usilikamue kwa nguvu, juti ikilowa hulegea na kukatika. Lianike kivulini, jua kali huligeuza manjano, kisha lipige pasi likiwa bado na unyevu kidogo.

Sasa kukata, na hapa ndipo watu wanapoharibu gunia zuri. Usifuate chaki wala rula. Tafuta uzi mmoja ukingoni, ushike kwa ncha ya sindano, uuvute polepole huku ukilisukuma gunia kwa mkono wa pili hadi uzi wote utoke. Utabaki mfereji mwembamba ulionyooka toka upande huu hadi ule. Kata ndani ya mfereji huo. Ni kazi ya subira, lakini kitambaa kilichokatwa hivi hakipindi kikitundikwa, na ukitaka matamvua unaendelea tu kuchomoa nyuzi ukingoni mpaka upate urefu unaoupenda.

Mabaki ya merikani yatie rangi kwa vitu vya jikoni. Majani ya chai vijiko vinne vikubwa kwa lita moja ya maji, chemsha, chuja, kisha zamisha kitambaa saa moja. Kitatoka rangi ya mchanga wa ufuoni. Kiloweshe kwanza maji matupu, la sivyo kitatoka mabaka. Chai hushika yenyewe. Manjano nayo hutoa rangi kali inayochangamsha nyumba, ila hupauka juani, kwa hiyo kitambaa cha manjano kiweke ndani, mlangoni tundika cha chai.

Nyota ndiyo pambo ninalolipenda kuliko yote. Chora nyota ya pembe tano kwenye karatasi, upana sentimita 14, usiifanye nyembamba pembeni kwa sababu juti haipendi kona kali. Kata moja ya gunia na moja ya merikani. Gunia likikatwa umbo la nyota huanza kufumuka papo hapo, na dawa yake ni kanji. Hii nilifunzwa na jirani yangu, bibi mmoja anayeshona kofia za vito, ambaye kila Desemba huniuliza, "Mwanangu, nyota zako mwaka huu zimesimama?" Koroga kijiko kimoja kikubwa cha unga wa muhogo kwenye glasi ya maji baridi, pika moto mdogo huku ukikoroga hadi uwe mzito na kung'aa, ongeza kijiko kidogo cha siki kuzuia ukungu, chuja kwa kitambaa. Paka upande wa nyuma wa gunia kabla ya kulikata, acha likauke kabisa, halafu ndipo uchore na kukata. Likibaki na unyevu ndani, joto la huku litaliotesha madoadoa meusi.

Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, shona kwa mkono sentimita moja kutoka ukingoni, mishono mikubwa inayoonekana, uzi mwekundu wa pamba. Kwa gunia tumia shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Sindano ya kawaida itakuchosha vidole. Acha tundu la sentimita nne, jaza usufi ukisukuma kwanza kwenye pembe kwa kijiti, kisha katikati. Mimi hutia pia karafuu sita saba na kipande cha mdalasini, na ukipita karibu na nyota utajua. Funga tundu, pitisha kamba ya katani kwenye pembe moja, basi. Usiijaze mpaka ivimbe. Nyota iliyoshiba sana huonekana mto wa kiti.

Kanga hufanya kazi ya utepe. Ile iliyochakaa katikati kwa kufuliwa ndiyo nzuri, rangi zake zimetulia. Kata kichane kidogo kwa mkasi kisha chana kwa mkono, pamba itafuata uzi wake yenyewe. Vipande viwe upana sentimita tatu na urefu 22. Nusu kanga itakupa 125 hivi, navyo vyatosha kamba ya mita mbili. Funga kila kipande fundo moja juu ya kamba, visukume vibanane, changanya vya pindo na vya mji, yaani vya katikati ya kanga. Jina la kanga likate lote, refu, ulishone peke yake juu ya mkanda wa gunia na kulitundika juu ya mlango. Lakini lisome kwanza! Kanga nyingi zimeandikwa mafumbo ya kumchamba mtu, na jirani akija kula sikukuu akalikuta kichwani pake, mtakuwa na maneno hadi Pasaka.

Shada la mlango halina mengi. Chukua chelewa za fagio jipya, loweka usiku kucha, zikunje duara na kuzifunga kwa katani. Zungushia mikanda ya gunia ya upana wa sentimita sita, ukiifinya kila unapofunga ili itoe mikunjo. Chomeka vikoni vidogo vya mvinje. Mti wetu wa nyumbani pia ni tawi la mvinje, lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga uliolowa. Ni mti ule ule ambao mtaalamu wa kilimo Rene Haller aliupanda Bamburi kwenye machimbo ya saruji tangu 1971, na kama uliweza kukaa kwenye mawe matupu, sebuleni hautakusumbua wiki mbili, mradi uongeze maji.

Juti, usufi na mvinje mkavu vyote hushika moto haraka mno. Mishumaa kaa nayo mbali, na taa za mti ziwe za LED zisizopata joto. Umeme ukikatika washa taa ya betri.

Sikukuu ikiisha, usivifungie kwenye mfuko wa nailoni. Unyevu wa Mombasa utavioza humo. Kung'uta vumbi, anika kivulini siku moja, tia kwenye foronya ya pamba pamoja na karafuu kiganja kimoja, na uitundike kabatini juu kabisa, maana mende hupenda kanji. Nyota ikichafuka ifumue, toa usufi, fua, paka kanji upya. Usufi uliobonyea uchambue kwa vidole juani kidogo, utafura tena.