Jinsi ya kupanga kazi ya saiti ili usilipe mafundi wanaokaa kivulini

Nimesimamia saiti za ujenzi hapa Busia na Tororo, Uganda, miaka kadhaa sasa, na kitu kilichonila pesa kuliko hata simenti ni watu kukaa wakingoja. Kuna wiki moja niliita mafundi wanne na mapota (wasaidizi wao) sita waanze kuta Jumatatu, ratiba nimeandika vizuri kabisa, kumbe lori la mchanga limekwama kwenye matope tangu Jumamosi na mimi sijauliza. Siku mbili nikalipa watu kumi wanaoangalia barabara. Ndo nikaanza kutafuta wale waliofanya utafiti juu ya hii kitu.

Miaka ya 1990 huko Marekani, watafiti wa ujenzi Glenn Ballard na mwenzake Greg Howell walifuatilia saiti wakawa wanalinganisha kazi iliyoahidiwa kwa wiki na ile iliyokwisha kweli, wakakuta inayokwisha ni kama nusu na kidogo tu. Na sababu kubwa haikuwa uvivu wa mafundi, kazi zilikuwa zinapangwa kabla hazijawa tayari. Niliposoma hapo nikakumbuka lile lori.

Sasa fanya hivi. Nunua daftari, andika kazi zote za wiki tatu zijazo, halafu kila kazi uiulize maswali: mchoro upo? Vifaa viko saitini, maana "viko njiani" si jibu? Maji yapo? Fundi wake yupo au yuko kwa mtu mwingine? Kazi inayotangulia imekwisha? Kuna mkaguzi anatakiwa aione kwanza? Jibu moja likiwa hapana, hiyo kazi haiingii wiki hii hata bosi akipiga simu mara tano, wewe shughulika na kuondoa hicho kikwazo na mafundi wape kazi nyingine iliyo tayari.

Jumamosi jioni ukishalipa watu, kaa na fundi mkuu, fundi wa bomba, welda, yeyote anayekuja wiki inayofuata, na kila mmoja aseme mwenyewe atamaliza nini. Muulize, usimwamrishe. Fundi akikwambia "hapana mzee, hiyo kwa siku tatu haiwezekani" mshukuru sana, amekuokolea pesa. Jumamosi ingine hesabu: mliahidi kazi 12, zimekwisha 7, hiyo ni asilimia 58. Kazi iliyokwisha nusu usiihesabu. Pembeni andika sababu ya kila iliyoshindikana, mchanga, mvua, pesa ya mwenye nyumba haikufika, na baada ya mwezi utaona sababu moja au mbili zinajirudia, pigana na hizo. Ila usitumie hiyo asilimia kugombeza watu, wataanza kukuahidi vitu vidogo vidogo tu ili waonekane wazuri na daftari litakuwa la uongo.

Kwenye ratiba yenyewe, tafuta ule mlolongo mmoja ambao ukichelewa siku moja nyumba nzima inachelewa siku moja. Msingi, kuta, lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, huo ndo mlolongo. Milango ya welda ina nafasi ya kuchelewa wiki mbili na hakuna kitakachoharibika, kwa hiyo usikimbizane na welda wakati mbao za lenta hazijanunuliwa. Na kungoja nako ni kazi, iandike: zege linataka kumwagiliwa angalau siku 7, na nguvu yake kamili tunaihesabu siku 28, nguzo za muda zinazoshikilia jamvi (zege la ghorofa) kwa chini zinatolewa siku injinia aliyosema, si siku mwenye nyumba alipochoka kungoja. Halafu mvua. Kwetu inakuja Machi hadi Mei, na tena kuanzia kama Agosti au Septemba mpaka Novemba, sasa mtu anayechimba msingi mwezi wa nne amejitakia kuchota maji kwa ndoo kila asubuhi.

Kwenye gharama nitakuwa mkali kidogo. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake walitoa utafiti mwaka 2002, miradi 258 ya barabara, reli na madaraja katika nchi 20, karibu 9 katika kila 10 ilizidi bajeti. Hao wana mainjinia na kompyuta, wewe na mimi tunatoa wapi uhakika? Kwa hiyo usiamini hesabu yako peke yake, tafuta watu watatu waliomaliza nyumba kama unayotaka kujenga, waulize walipanga ngapi na wakatumia ngapi, hiyo tofauti iweke kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Kazi ikianza pima mapema: tuseme nyumba nzima ni milioni 60 na msingi ulipangiwa milioni 12, umekwisha kwa milioni 15. Watu husema "nitaokoa huko mbele", lakini ukiendelea kwa mwendo huo huo nyumba itafika milioni 75, na ni afadhali umwambie mwenye nyumba leo wakati bado anaweza kupunguza chumba kimoja.

Usalama sasa, na hapa naomba mnisikilize ndugu zangu. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa inajengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, ilianguka ikaua wafanyakazi. Tuna sheria ya usalama kazini ya 2006 na ya udhibiti wa majengo ya 2013, lakini karatasi haishiki ukuta. Wengi wanadhani usalama ni helmeti. Helmeti inakuja mwisho kabisa, kwanza ondoa hatari yenyewe: funga nondo za nguzo chini kisha mzipandishe, badala ya mtu kukaa juu siku nzima anapinda waya. Shimo likipita mita moja na nusu, laza kingo zake au weka mbao za kuzuia, udongo uliochimbwa usogeze angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, ngazi iwe ndani muda wote. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hivi, ikimwangukia mtu mpaka kifuani hapumui, helmeti itamsaidia nini? Mvua ikinyesha usiku, hakuna kushuka asubuhi kabla hujazikagua kingo.

Kwa hiyo kwenye lile daftari la Jumamosi niliongeza mstari mmoja chini ya kila kazi: nani atakuwa juu, nani atakuwa shimoni, na kitakachomshikilia ni nini. Kama hakuna aliyejibu, hiyo kazi nayo haiko tayari, inangoja kama ile isiyo na mchanga.